Kadii Nje, Gerishom Ndani

Jumanne, 2 Septemba 2025

Nimemtoa mtu leo. Mama mtu mzima. Kadii Sanga, wa Jilore.

Naandika ilivyokuwa kabla sijaanza kujidanganya.

Saa tatu asubuhi, duka bado halina watu, Gerishom akaweka picha kwenye kundi letu la WhatsApp. Kundi la Kuku na Mbuzi Kilifi, wafugaji elfu moja na kitu, kuanzia Mariakani hadi huku kwetu Malindi. Ma-admin tuko wanne. Odera ndiye aliyelianzisha, ana duka la vifaa vya ujenzi kule Kilifi mjini. Whitney anauza mashine za kutotolea mayai. Gerishom huuza vifaranga na kudunga mifugo sindano, anaitwa daktari na si daktari. Na mimi, Kahaso, muuzaji wa agroveti, duka la dawa za mifugo, niliyewekwa kwa sababu najua dawa na najua Kigiriama.

Picha yenyewe: banda la miti na makuti limelala upande. Mbele yake mwanamke ameinama anaokota kuku aliyekufa. Leso imemlegea nyuma, mgongo wote uko nje, na chini ya mgongo pia. Hajui kama anapigwa picha. Gerishom kaandika chini yake: "Mnafuga hivi halafu mnauliza kwa nini kuku wanakufa. Uchafu wa banda na wa mwenye banda."

Vicheko! Nyuso za kucheka zikamiminika mpaka simu ikawa inatetemeka juu ya meza.

Muda si muda ikaingia voisi. Sauti ya mwanamke, Kigiriama kitupu, dakika mbili na zaidi. Sauti inakatika, inarudi. Kule Jikoni — ndilo kundi letu dogo, sisi ma-admin peke yetu — Odera akauliza: dada Kahaso, huyu anasema nini?

Nikajibu: anamwita Gerishom mwizi.

Odera akasema basi, kanuni ya nne, matusi. Kanuni ya sita, lugha isiyo Kiswahili. Mbili kwa mpigo. Mtoe.

Nikamtoa. Nikatafuta jina, nikabonyeza. Voisi yake Odera akaifuta kabla wengi hawajaifungua. Mteja akaingia anataka dawa ya viroboto vya mbwa, nikampa, nikamweleza namna ya kuchanganya.

Kanuni ya pili inasema hakuna kuweka picha ya mtu bila ruhusa yake. Naijua. Kanuni zote tisa niliziandika mimi, kwa mkono wangu, kwenye daftari hili hili.

Picha bado ipo.


Jumatano, 3 Septemba 2025

Nimeuliza Jikoni: na picha ya Gerishom?

Gerishom alijibu kwa voisi, anacheka. Kwani mama ana jina pale? Ile ni picha ya banda. Banda!

Whitney akaweka uso wa kucheka. Odera akaniandikia kwa upole wake ule: dada, Gerishom ni mwenzetu. Mambo ya sisi kwa sisi tunaambiana pembeni, hatuaibishani mbele ya watu.

Pembeni. Tangu Januari nimetoa watu, sikumbuki ni wangapi, na hata mmoja hakuambiwa pembeni. Yule mzee wa Kaloleni aliyetuma dua ya kumwombea mkewe, nje, kwa kuwa hapa si mahali pa dini. Yule msichana wa Mariakani aliyeuza kibuyu cha maziwa siku ya Jumatano badala ya Jumapili. Nje! Alinipigia analia, nikamsomea kanuni ya saba kama hakimu.

Na Gerishom husalimia kundi kwa Kigiriama kila asubuhi. Kila asubuhi ya Mungu. Wanamwekea mioyo.

Picha imefutwa saa nane mchana. Tangu jana saa tatu. Nani hajaiona?


Alhamisi, 4 Septemba 2025

Stika! Wamemfanya stika!

Nilikuwa nimeandika Jikoni kwamba chakula cha vifaranga kimechelewa kufika. Whitney akajibu kwa stika. Ni yeye, mama wa Jilore, amekatwa vizuri kutoka kwenye picha, ameinama vile vile, na juu yake maneno ya rangi: NIMECHOKA.

Nikamwuliza Whitney: unamjua huyo?

Akasema si ni kichekesho tu, katumiwa na binamu yake Mtwapa.

Nikamwambia ndiye yule mama tuliyemtoa Jumanne.

Akaandika: woi, sikujua. Lakini hakuifuta. Niliketi nikiiangalia pale, naye hakuifuta.

Mahamri niliyonunua nikampa Emily wa duka la pili.

Leo ndiyo siku ya orodha pia. Kila Alhamisi zile hoteli mbili za Watamu hutuma oda kwenye kundi, na mwenye kuku tayari huandika jina. Nimerudi nyuma nikatafuta. Wiki iliyopita Kadii Sanga aliandika kwamba majogoo yake makubwa, ya awamu ya kwanza, yatakuwa tayari wiki hii. Aliandika kwa Kiswahili kizuri kabisa, akamalizia na ahsanteni viongozi wetu.

Viongozi wetu.


Ijumaa, 5 Septemba 2025

Sina la kuandika. Sikufungua kundi mpaka jioni.


Jumamosi, 6 Septemba 2025

Amekuja.

Nilikuwa napanga chupa za dawa ya minyoo. Mwanamke akasimama mlangoni, leso mbili, amefungwa kitambaa kichwani, viatu vya plastiki vyenye vumbi la Jilore. Mrefu kuliko nilivyodhani. Kwenye picha ameinama, ningejuaje urefu wake?

Nikasema shikamoo mama. Akaitikia marahaba. Akatoa simu kwenye pindo la leso, akaielekeza kwangu.

"Hapa pameandikwa Kahaso amekutoa. Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga kelele! Alisema kwa Kigiriama, na naandika maneno yake kwa Kiswahili jinsi ninavyoweza:

"Ile sauti yangu uliisikiliza?"

"Niliisikiliza."

"Mpaka mwisho?"

Akaendelea: "Wale wenzako wasiojua Kigiriama siwalaumu. Hawakujua nasema nini. Wewe ulinielewa kila neno, na ndiwe uliyenitoa."

Nilikuwa nimeshika chupa, sikujua niiweke wapi.

Halafu akanieleza pale pale, amesimama, kama vile mimi ndiye sijaisikia. Gerishom alimuuzia vifaranga sitini, akamwapia vimechanjwa kideri, ugonjwa unaomaliza kuku. Wiki ya pili vikaanza kupinda shingo. Akampigia simu siku tatu. Ya nne Gerishom akaja, akasema nionyeshe waliokufa. Ndipo mama akainama kuwaokota. Ndipo picha ikapigwa.

Haya yote alikuwa ameyasema kwenye voisi. Na alisema neno ambalo nililisikia Jumanne nikaliruka: nilikuita uje kunisaidia, ukaja kunivua nguo.

"Mwizi" alilisema mara moja. Karibu na mwisho. Ndilo nililompelekea Odera.

Kesho haendi kanisani. Wanakwaya wenzake wanayo ile stika. Mmoja alimtumia yeye mwenyewe kwa kukosea, kisha akaomba radhi, kisha akaendelea kuitumia kwa wengine. Binti yake anayefanya kazi Mariakani alimpigia akamwuliza: mama, ni wewe?

Akanunua dawa ya kunyunyizia banda. Akalipa. Akasema ahsante. Ahsante!

Alipotoka, Njenga mwenye duka akachungulia kutoka stoo. Alikuwa amesikia nusu yake. Akaniambia Gerishom ni mteja wake mkubwa, achukua dawa hapa kila wiki, kwa hiyo ya simu yabaki kwenye simu.

Nimenawa mikono mara mbili. Sijui najiosha nini.


Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimeandika Jikoni, ndefu, na nimeipiga pasi kabla ya kuituma ili mtu asiseme nina hasira. Kwamba sikutafsiri yote Jumanne. Kwamba kosa hilo ni langu. Kwamba Gerishom amevunja kanuni ya pili na ya nne, na adhabu yake imeandikwa: anatoka. Kwamba Kadii arudishwe na aombwe radhi kwenye kundi, mbele ya wote.

Wamesoma wote watatu. Naona alama.

Jioni ndipo Odera akajibu: tukutane uso kwa uso, Jumatano, Kilifi. Haya hayafai kuandikwa.


Jumatano, 10 Septemba 2025

Nimerudi kutoka Kilifi na kichwa kinaniuma. Naandika yote.

Tulikutana hotelini karibu na soko, saa sita. Odera alikuwa ameshaagiza pilau ya watu wanne. Gerishom akaja wa mwisho, shati jeupe limepigwa pasi, akanipa mkono, akaniita mwanangu, akauliza kwetu hawajambo. Akaomba dua ya chakula! Dua ndefu, macho amefumba. Nilimtazama wakati wote amefumba macho.

Odera akaanza: tuna jambo dogo.

Nikasema si dogo.

Gerishom akasema atalizungumza mwenyewe. Kwamba yule mama ni mchafu na anajulikana Jilore yote kwa uchafu, na kwamba alipiga picha kuwafundisha watu. Kuhusu vifaranga, vilikuwa vizima vikitoka kwake. Na kuhusu leso, je, yeye ndiye aliyeifunga?

Whitney akacheka. Kisha akaona sura yangu, akanywa maji.

Nikamwuliza Gerishom: "Ungekuwa ni mke wako ameinama vile?"

"Mke wangu hainami mbele ya wanaume," akasema.

"Alikuwa kwake! Wewe ndiye uliyekwenda!"

Watu wa meza ya pili wakageuka. Odera akaweka mkono wake mezani karibu na wangu, bila kunigusa, akasema taratibu dada. Halafu akanieleza yaliyo moyoni mwake, na nadhani alikuwa mkweli, ndiyo maana nilichukia zaidi. Zile hoteli za Watamu zilikuja kwa mkono wa Gerishom. Akitoka, anatoka nazo. Wafugaji wangapi watakosa pa kuuzia kwa ajili ya mama mmoja? Nikasema basi tuandike hivyo kwenye kanuni. Tuandike kwamba mwenye hoteli haguswi. Akatabasamu kwa uchovu, akasema wewe ni mwepesi wa maneno.

Uamuzi: Gerishom "atapumzika" siku mbili bila kuandika. Adhabu ndiyo hiyo. Kesho na keshokutwa! Na mwenyewe akasema inamfaa, kwa kuwa anakwenda harusi Kaloleni.

Kadii hatarudishwa "kwa sasa", ili lisionekane kama tumeshindwa.

Na kanuni ya kumi. Whitney ndiye aliyeitoa. Malalamiko yoyote juu ya admin yaletwe kwa ma-admin faraghani. Atakayeyaleta kwenye kundi anatolewa hapo hapo, bila onyo.

Odera akasema dada Kahaso aiandike, Kiswahili chake ni kizuri.

Niliiandika. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki na mafuta ya pilau mkononi, nikaandika kanuni ya kumi, nikasahihisha hata mkato. Gerishom akasema safi sana.

Kinyaa. Si chao tu. Changu.


Alhamisi, 11 Septemba 2025

Kanuni imewekwa saa mbili asubuhi. Odera ameibandika juu kabisa.

Saa nne Fondo akauliza. Fondo ni mfugaji wa mbuzi wa Kaloleni, simjui kwa sura, lakini ndiye huwajibu watu wageni kwa subira kila siku. Mtu akiuliza swali lile lile mara mia, Fondo hujibu mara mia. Ameandika hivi tu:

"Viongozi, naomba kuuliza. Yule mama wa Jilore alitolewa kwa sababu gani, na aliyempiga picha mbona yupo?"

Basi. Swali la mistari miwili, na naomba ndani yake.

Odera akaja Jikoni: Kahaso, ni zamu yako.

Nikaweka simu kwenye droo, nikaifunga, nikamhudumia mtu wa dawa ya kupe. Nilipoitoa Fondo hayupo. Ni Whitney aliyembonyeza.

Lakini hawakunyamaza. Mwingine akauliza, na Fondo yuko wapi? Mwingine: na sisi tukipiga picha za ma-admin? Mwingine akaandika jina la Kadii peke yake, jina tu, bila neno jingine, na watu wakaanza kulinakili. Kadii. Kadii. Kadii.

Odera akalifunga kundi. Ma-admin pekee ndio wanaoweza kuandika.

Watu elfu moja wamezibwa midomo saa tano asubuhi.


Ijumaa, 12 Septemba 2025

Orodha ya hoteli ya jana haikuandikwa na mtu. Ingeandikwaje? Kundi limefungwa.

Leo Whitney kaniambia kwenye simu, kama mtu anayetoa umbea wa kawaida, kwamba oda zote mbili zimejazwa. Na nani? Na Gerishom. Aliwapigia hoteli akiwa harusini, akapeleka kuku wake na wa shemeji yake.

Ndiye aliye kwenye adhabu huyo!

Nilimwuliza Whitney kama anaona sawa. Akasema Kahaso mimi nina mashine za kuuza, siwezi kupigana na kila mtu. Angalau amesema kweli.


Jumapili, 14 Septemba 2025

Nilikwenda Jilore. Boda alinishusha kwenye njia ya mihogo, nikauliza, mtoto wa jirani akanionyesha kwa kidole na hakuuliza kitu. Anajua nyumba ya mama wa stika.

Banda limejengwa upya. Miti mipya, makuti mapya, limesimama wima. Hakuna kuku ndani. Majogoo aliyauza kwa mpita njia kwa bei ya huruma kwa kuwa Alhamisi mbili zimempita.

Alinipa kigoda. Akaniletea maji, kisha viazi vitamu. Sikuweza kula, halafu nikaona nikikataa ni tusi, nikala.

Nikamwambia mama, mimi bado ni admin, naweza kukurudisha sasa hivi. Simu hii hapa. Nabonyeza tu.

Akatikisa kichwa.

"Nirudi niseme nini? Nasikia mmewafunga wote midomo."

"Angalau uwe ndani."

"Mwanangu, nilitolewa mbele ya watu. Hunirudishi kwa mlango wa nyuma kama niliyeiba."

Nikamweleza nilivyompa Odera neno moja tu, mwizi, kisha nikamwuliza basi anataka nini. Alikuwa anamenya viazi vingine, akaacha kisu.

"Nataka wajue nilichosema. Ulimwambia mkubwa wako neno moja. Nilisema mengi. Yaseme."

Nikamwambia wakiyasikia hao watanitoa na mimi.

"Watakutoa?" akasema. Akanitazama kwa huruma, mimi, ambaye ndiye niliyekuja kumhurumia. "Hawatakutoa wewe."

Mpaka sasa sijamwelewa.

Aliniruhusu kuiandika voisi yake yote. Tuliisikiliza pamoja kwenye simu yake, yeye akitazama chini, mimi nikiandika. Pale sauti ilipokatika nikamwuliza hapa ulikuwa unasema nini, akasema hapo nilikuwa nalia, usiandike.


Jumatatu, 15 Septemba 2025

Nimefanya.

Saa tatu na nusu niliituma. Voisi nzima ya Kadii, neno kwa neno, kwa Kiswahili. Vifaranga sitini, shingo zilizopinda, siku tatu za kupiga simu, nilikuita uje kunisaidia ukaja kunivua nguo. Juu yake nikaandika: haya ndiyo maneno yaliyomtoa Mama Kadii Sanga. Niliyatafsiri vibaya. Mimi ndiye niliyebonyeza.

Wanachama wa kundi hawawezi kuandika, lakini kuweka alama wanaweza. Zikaanza. Mikono iliyofumbatwa, mioyo, nyuso zinazolia. Hakuna uso wa kucheka hata mmoja, na wengine nawajua ndio wale wale waliocheka. Sijui nifurahi au nitapike.

Kisha nikamtoa Gerishom. Kanuni ya pili, kanuni ya nne. Nikaziandika hadharani kama ninavyowaandikia wengine.

Odera alimrudisha kabla sijaketi. Akampa na uadmin wake hapo hapo. Nikamtoa tena. Akamrudisha tena. Kama watoto wawili na mlango! Mteja anasubiri dawa ya ng'ombe, Njenga ananiangalia kutoka stoo na miwani puani.

Halafu ujumbe wangu ukafutwa. Ulidumu dakika arobaini. Picha ya Kadii ilikaa siku nzima na usiku wake.

Nikasubiri kutolewa. Nilikuwa tayari. Hata nilihisi raha, kama mtu anayesubiri kung'olewa jino bovu. Nimevunja kanuni ya kumi waziwazi. Hapo hapo, bila onyo — niliandika mwenyewe maneno hayo.

Saa sita ikapita. Saa saba.

Saa nane Odera akaandika Jikoni: "Dada Kahaso, tumeelewa umechoka. Chukua hili kama onyo la kirafiki. Pumzika, tutayamaliza kifamilia." Whitney akaweka moyo. Gerishom — Gerishom! — akaweka mikono ya dua.

Nimesoma mara tatu. Bado nimo. Bado ni admin. Fondo aliuliza swali moja kwa adabu, akatupwa. Mimi nimewatukana wote mbele ya watu elfu moja, nimepewa pole.

Ndilo alilokuwa akiliona yule mama.

Njenga amenipa wiki moja. Gerishom amempigia simu. Njenga akasema, kwa upole pia — siku hizi wote wapole — kwamba duka lake si bunge, na nifikirie mpaka Jumatatu ijayo kama naitaka kazi.


Jumanne, 16 Septemba 2025

Naandika dukani, daftari juu ya kaunta. Odera yuko mbele yangu.

Ametoka Kilifi asubuhi. Hakunipigia kwanza. Ameingia na mfuko wa mahamri ya moto na mbaazi kwenye kontena, akaniambia amekumbuka napenda. Akamsalimia Njenga kwa heshima, wakaulizana habari za biashara. Kisha akavuta gunia la pumba akaliketia.

Ameniambia kundi linakufa. Watu wanaondoka, kumi kumi. Hoteli moja imepiga simu, meneja ameona tafsiri, mtu amempelekea skrinshoti, anauliza hawa kuku wanatoka kwa nani. Ameniomba niandike neno dogo la kutuliza watu. Kwa Kiswahili changu kizuri.

Nikamwuliza: "Fondo umempelekea mahamri?"

Akaangalia sakafu. "Dada, wewe ni mwenzetu."

"Kadii je, umempelekea nini?"

"Ndiyo maana nimekuja tuzungumze."

Nikamwambia sina neno dogo. Nikamwambia kuna majina mawili, langu na la Gerishom, na kanuni zimeandikwa, na simu anayo. Achague. Mimi nikitoka nitoke kama Kadii, bila pole. Akibaki mmoja wetu, elfu moja wataona ni nani na kwa nini. Ama afungue kundi na wamwulize wenyewe.

Njenga ametoka stoo, amesimama nyuma ya rafu ya chumvi za ng'ombe, anajifanya kuhesabu.

Odera ametoa simu. Amefungua kundi. Naona mwanga wake usoni mwake. Amefika kwenye majina, anapandisha na kushusha kwa kidole gumba, anapandisha na kushusha. Anadhani naandika oda ya duka.

Kumtoa Kadii kulinichukua muda wa kufumba na kufumbua. Sikuvuta hata pumzi.

Huyu aliketi hapa saa tano kasoro. Sasa wanaadhini adhuhuri msikiti wa nyuma, naye hajabonyeza jina lolote. Mahamri yamepoa. Mara moja aliinua kichwa kama mtu anayetaka kusema, akakirudisha.

Ameomba maji. Nimempa.

Anayanywa kidogo kidogo.